Jina Lililobaki Diski D

Baba alipofariki, kazi ya kuandika wasifu wake niliachiwa mimi, mtu wa kompyuta wa familia. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kwa laptopu ya mtumba inayojizima bila taarifa, na labda ndiyo maana siiamini. Kila ninachoandika nakihifadhi kwenye flashi, kisha kwenye diski D ya laptopu, kisha najitumia kwa barua pepe. Ndugu zangu wanasema hata orodha ya sokoni nitaiwekea mlinzi.

Asubuhi ya mazishi, nyumbani kwetu Manzese, wasifu ulikuwa tayari kwenye flashi. Ulisema baba ameacha mjane na watoto wanne. Ndipo mama akaniita chumbani alikokaa na wanawake wenzake. Dada yetu mkubwa, ambaye baba alimzaa Masasi kabla ya kumwoa mama, alikuwa amefika jana yake kwa basi. Miaka yote jina lake halikutajwa mle ndani.

"Mwandike," mama aliniambia. "Tena awe wa kwanza."

Nilifungua faili lililo kwenye flashi. Kabla sijagusa neno, kwa woga wangu, nilitengeneza nakala nyingine kwenye D, la zamani lisije likaharibika. Halafu nikaandika jina la dada, nikabadilisha wanne kuwa watano, nikabonyeza kuhifadhi mara tatu. Sikuzingatia kwamba tangu nilipotengeneza ile nakala, mashine ilikuwa inahifadhi hukohuko D. Flashi ilibaki na watoto wanne. Ndiyo niliyoichomoa, nikakimbia nayo steshenari. Zilipochapishwa nilikagua nafasi za mistari na pambizo za karatasi. Maneno sikuyasoma, nilishayakariri.

Kosa nililiona chini ya turubai, karatasi zikiwa zimeshagawiwa. Nilikuwa nimebanwa katikati ya safu ya viti, shangazi kulia, jirani kushoto, jeneza mbele yetu. Baba mdogo, aliyepangwa kusoma, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka nilipo. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliitoa. Ningemwomba ile karatasi yake, nikaandika jina moja na kurekebisha idadi, basi.

Sijawahi kumwambia mtu kilichonizuia. Nililiona lile jina litakavyokaa, limepinda juu ya mstari, wino wa bluu kwenye karatasi safi, na kila mtu akijua kwamba mtu wa kompyuta amekosea siku ya baba yake. Nikajiambia bado muda upo, nitatoka nikachapishe upya. Nikairudisha kalamu. Baba mdogo akakohoa, akaanza kusoma.

Dada alikuwa amekaa jamvini, anafuatisha maneno kwa kidole. Ilipofika orodha ya watoto, kidole kilisimama. Kikarudi juu kidogo, kama mtu aliyeruka mstari, kikashuka tena. Mama alinitafuta kwa macho. Nami niliangalia viatu vyangu mpaka mwili ulipobebwa kwenda kanisani.

Tuliporudi kutoka makaburini nilimpelekea dada laptopu. Nilimwonyesha jina lake, la kwanza kabisa, na saa faili lilipohifadhiwa, kabla ya ibada. Nilimweleza habari za flashi na D, kwa kirefu, kuliko ilivyohitajika. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema anaelewa, hata simu yake huzipeleka picha asikokujua. Halafu akaifunika laptopu taratibu.

"Lakini nilikuona, mdogo wangu," alisema. "Uliitoa kalamu. Ukairudisha."

Kesho yake alirudi Masasi. Lile faili bado liko D. Kulifuta naona ni kumtoa mara ya pili, na kila nikitafuta kitu kingine nalikuta. Sijalifungua tena.