Kibuyu cha Mchanga na Waya wa Minazini

Enzi zetu kule Changamwe gari tulichonga kwa kifuu, mpira tukausuka kwa matambara. Lakini mimi, niliyeishia darasa la tatu, niliunda redio. Acheke anayetaka.

Vita vilikuwa vimekwisha, miaka ya arobaini yaenda ukingoni. Fundi wa redio, Mhindi wa Makupa, niliyekuwa nikimfagilia duka, alinipa kijiwe king'aacho na kisikizio cha sikio moja. Betri hamna, stima hamna! Kijiwe, sindano ya kukigusia, waya wa shaba niliouzungusha kwenye kipande cha mwanzi, basi. "Ila yataka waya mrefu juu," akaniambia, "ndio ushikao sauti." Siku hizi mwaita antena.

Baba alikwisha kuninunulia jembe. Akaliegemeza mlangoni. "Jumapili ikipita kidude hicho hakijasema, Jumatatu waenda Rabai kulima. Kikisema, nenda kwa Mhindi wako ukajifunze kazi." Nililiogopa jembe lile kuliko nyoka.

Minazi miwili nyuma ya nyumba ilikuwa ya Mzee Kalume, mgema. Nikamwamkia, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wee mwana! Sauti za watu zapita huko juu, nami niko huko asubuhi na jioni, nisisikie hata kikohozi?"

Lakini alipanda, akaufunga waya kwa kamba toka mnazi mmoja hadi wa pili. Kati ya kamba na waya tulitia shingo za chupa, waya usiguse mti, kama fundi alivyoagiza. Jumamosi upepo ukavuma, mnazi mmoja ukaenda huku, mwingine kule. Waya pwa! Ukakatika.

Nililia. Mzee Kalume akatazama juu. "Tumeufunga kama mbuzi. Mnazi hucheza, mwanangu. Upe nafasi ucheze." Tukauunga waya, akapanda tena. Safari hii kamba ya upande mmoja aliipitisha kwenye pete ya chuma, mwishoni akaning'iniza kibuyu chake cha tembo, amekijaza mchanga. Upepo waja, kibuyu chapanda, watulia, chashuka, waya salama salimini. Niliduwaa. Mtu yule hakujua hata kuandika jina lake.

Jumapili baada ya ibada baba akaketi, kofia kichwani. Nikagusisha sindano kwenye kijiwe, hapa, pale. Kimya. Jembe lanitazama. Nikagusa tena, mara sauti, nyembamba kama ya mbu, kisha ya mtu kabisa! Nikamtia baba kisikizio sikioni. Msemaji ndio kwanza awasalimu wasikilizaji.

Baba akavua kofia. "Hatujambo," akaitikia, akangoja kwa adabu. Kisha akaninong'oneza, "Yuko wapi huyu?"

"Kisiwani, baba, ng'ambo ya maji."

Akautazama waya kule juu. "Jembe mpe mamako," akasema.

Leo nina duka langu Kisauni, na redio iliyomshinda fundi mwenye vyeti huletwa kwangu. Vijana wabonyeza kitufe, sauti yavuka bahari yawafikia, nao wapiga miayo. Ikikwaruza kidogo waipiga kofi. Ile minazi ilikatwa, wakajenga maghala. Baba hayupo, Mzee Kalume hayupo. Ila redio ikinisalimu, mimi huitikia. Wanangu hucheka, wala siwalaumu: wao hawakuwa na jembe mlangoni.