Kikapo cha Jirani

Pwani ya ziwa pale Kalemie, mji ulipokuwa bado unaitwa Albertville, sisi wanawake tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: mvua ikija, ndagala hawana mwenyewe. Ndagala ni dagaa wetu. Tuliwanunua alfajiri kwa wavuvi, tukawatandaza mchangani wakauke, kisha kila mtu akaenda kwenye shughuli zake. Wingu likitokea, yeyote aliye karibu aliwazoa wote, wake na wa wenzake, kila fungu katika kikapo cha mwenyewe. Ndagala aliyenyeshewa kabla hajakauka hana dawa. Kesho ananuka, keshokutwa ana funza. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza fungu hili ni la mtu wa wapi.

Jirani yangu katika kambi ya reli alikuwa mke wa karani wa stesheni. Wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine wa Kongo, mbali kule magharibi, lakini yeye alizaliwa palepale mjini, akabatizwa palepale, akaolewa palepale. Mimi ndiye niliyekuja juzi, kwa mtumbwi kutoka Zongwe, na mkeka wangu kichwani. Aliyenionyesha bomba la maji lilipo ni yeye. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mvua ilinyesha siku tatu, na ndagala wangu hawakuguswa na tone. Yeye ndiye aliyewaokoa, akawaleta mpaka mlangoni, akaenda zake bila kungoja asante. Nayasema haya mapema ili mtu asinitafutie udhuru.

Mwaka uliofuata uhuru, maneno yalianza bombani.

"Bale bantu ba Kasai banakamata viti vyote ku biro," alisema mmoja, akimaanisha kazi za ofisini.

"Barudi kwabo," akadakia mwingine.

Mwanzoni nilisikiliza tu huku ndoo yangu ikijaa. Kisha nikagundua kwamba nikicheka nao, wananisogezea nafasi kwenye foleni. Mimi wa Zongwe, niliyekuwa nikichekwa kwa matamshi yangu, ghafla nikawa mwenyeji! Utamu ule sijausahau mpaka leo. Kumbe ilihitajika tu apatikane mtu wa kuitwa mgeni kuliko mimi.

Basi nikaanza kumchukia, na baada ya hapo ndipo nikatafuta sababu, moja moja, kama mtu anavyookota kuni. Alicheka kwa sauti kubwa. Watoto wake walivaa viatu hata siku za kazi. Ugali wake ulikuwa wa mahindi, wetu wa muhogo, nikasema wake unanuka. Unga wa mahindi unanuka nini, jamani? Mume wangu, fundi wa karakana, alikuwa akikitamani kiti cha karani, ingawa kuandika kwenyewe alikuwa anabahatisha. Hata hilo nilimtwika yule mama.

Haukupita muda, mume wake akaambiwa asirudi tena kazini. Wakaamua kwenda Kasai kwa treni, kwa ndugu wa mume ambao yeye hakuwahi kuwaona hata siku moja. Akanunua ndagala wengi kuliko siku zote, wawe chakula cha njiani na zawadi ya kufikia.

"Siwezi kufika mikono mitupu kwa bakwe, Mama," aliniambia pale mchangani. "Kule sina shamba, sina muntu. Hii ndagala njo byote niko nabyo."

Ilibidi aende stesheni kuulizia nafasi. Akaniachia kikapo chake. "Uniangalilie, Mama."

"Enda tu, Mama," nikamjibu.

Wingu lilitokea ng'ambo ya ziwa, jeusi, bila haraka. Hilo la haraka nalisisitiza, kwa sababu muda nilikuwa nao. Nilizoa ndagala wangu. Nikazoa wa mama mmoja aliyekuwa sokoni, na wa mwingine aliyepeleka mtoto hospitali. Wa jirani yangu walikuwa hatua tano tu kutoka niliposimama. Wanawake wawili wa bombani walikuwa wamejikinga kwenye kibanda cha wavuvi, wananitazama waone nitafanya nini. Nikachukua kikapo chake kitupu, nikaingia nacho kibandani, nikakipindua, nikakikalia. Matone ya kwanza yakaanguka. Mmoja wao akacheka, nami nikacheka.

Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimemdondoka, mvua imeshamaliza kazi yake. Ndagala wengine walikuwa wamefukiwa na mchanga, wengine wanaelea majini. Akapiga magoti, akaokota kwa viganja, kisha akaacha. Nilijiandaa kwa matusi. Kusema kweli niliyatamani, maana angenitukana ningepata sababu yangu ya kwanza ya kweli.

"Pole, Mama," akasema. "Mvua ilikushinda. Nilikuachia kazi mingi."

Alinihurumia mimi! Nami nikafungua mdomo wangu nikasema, "Ndiyo, ilinishinda."

Akaingia kibandani kujikausha. Hapo akaviona vile vikapo vitatu nilivyokuwa nimeviwahisha ndani, vimeegemea ukutani, vimejaa, vikavu. Akavitazama kimoja kimoja. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, nikabaki kutazama miguu yake iliyojaa mchanga. Wale wawili nao walikuwa wameacha kucheka.

"Simama kidogo, Mama," alisema hatimaye, kwa adabu yake ileile ya siku zote. "Unaikalia kikapo yangu."

Nikasimama. Akakichukua, akaondoka nacho kitupu.

Walisafiri wiki ileile, wala sikwenda kuwaaga. Nimewasikia wasomi wakieleza kwa maneno marefu kwa nini watu huwachukia wasiofanana nao. Labda ni kweli yote. Mimi najua ya kwangu tu. Kesho yake asubuhi, bombani, wanawake walinipisha nichote maji wa kwanza. Naona aibu kuandika kwamba nilichota.