Birika la Mwalimu Hesabu Nne

Kaka yangu hajui kuchora. Naanza na hilo mapema ili msije mkanilaumu kwamba niliwaficha, maana nimelificha miaka kumi na tisa na nimechoka. Hajui kuchora hata yai. Alipokuwa darasa la tatu alichora ng'ombe, mwalimu akamsifu kwa meza nzuri, kisha akamuuliza mkia ni wa nini. Mwaka juzi wifi yangu alimwambia amchoree fundi bomba ramani ya kufika kwao. Fundi aliifuata kwa uaminifu wote, akaziba bomba la watu tusiowajua, nao wala hawakulalamika.

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa uchoraji katika shule yetu ya sekondari. Mimi ni karani wa shule hiyohiyo, ofisi ya pili ukiingia getini, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Kosa halikuwa lake, angalau mwanzoni. Chuoni alisomea muziki, na muziki anaujua. Mlango wa ofisi yangu ukilia atakutajia noti yake. Alipopangiwa kwetu, mwalimu wa uchoraji alikuwa amestaafu wiki hiyohiyo. Mkuu wa wakati ule akatazama ratiba, akaona kisanduku kitupu, akaandika jina la kaka. "Sanaa ni sanaa," alisema, na akaenda kula. Kaka alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na mtu wa majaribio habishani na ratiba. Alikuja ofisini midomo imemkauka.

"Mdogo wangu, nimepewa penseli."

Nikamwambia afunge mlango na atafute namna.

Somo la kwanza aliingia na rula ya mbao. Hakuchora. Aliweka kikombe mezani, akawaambia wanafunzi washike penseli, akaanza kugonga: moja, mbili, tatu, nne. "Ukingo wa kikombe ni hesabu nne. Usifike kabla yangu, usichelewe." Waliomtangulia, vikombe vyao vilipinda. Waliokwenda naye, vilikaa sawa, na yeye alishangaa kuliko wote. Kuanzia siku hiyo akafundisha kuchora kama anavyofundisha kwaya. Kivuli kizito alikiita besi. Sehemu ya karatasi isiyoguswa aliiita kunyamaza, na aligombeza sana watoto wasiojua kunyamaza. Alikuwa akipita katikati ya mabenchi amefumba macho, anasikiliza penseli. Akisikia moja inakwaruza mbio, anasimama: "Wewe, hiyo pua unaipeleka wapi?" Ukitazama, kweli, pua imeshakaribia sikio.

Na mtu akimwomba aonyeshe yeye mwenyewe, jibu lake lilikuwa moja. "Nikichora mimi, mtachora kama mimi. Sitaki." Jibu hilo lilisifiwa hadi kwenye semina za walimu, watu wazima wakaliandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa nikilisikia nacheka mpaka napaliwa, maana katika maneno yote yaliyosemwa kwenye semina zile, hilo peke yake lilikuwa ukweli mtupu.

Darasa lake lilikuwa stoo ya zamani ya madawati mabovu. Upande mmoja kulikuwa na kinanda chenye vitufe viwili vilivyokufa, filimbi kumi na moja na ngoma moja. Upande wa pili makopo ya brashi na kamba ya kuanikia picha. Kinanda kilikuwa na rangi, na picha zilikuwa na mate ya filimbi. Mwalimu wa fizikia, jirani yao wa ukutani, alileta malalamiko kila muhula kwamba watoto wake wanasoma nguvu za mvutano huku wanatikisa vichwa. Lakini mtihani ukifika, watoto wa stoo walifaulu uchoraji, mwaka baada ya mwaka, na ndio waliompa kaka jina la Hesabu Nne. Mwalimu wa hisabati amenuna hadi leo.

Siku za mwizi ni arobaini. Kaka alipewa miaka kumi na tisa, akaanza kusahau kwamba ni mwizi, na hapo ndipo tulipoletewa mkuu mpya. Huyu tulimwita Wastani, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyo na neno hilo. Wastani wa shule, wastani wa kidato. Nadhani hata mkewe alimchagua kwa wastani. Alitaka stoo iwe chumba cha kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa hazijafika, wala hazijaagizwa, ila mapazia yake yalishapimwa.

Aliniita akaniagiza nichape barua ya kufuta uchoraji na muziki. Wanafunzi ishirini na wawili wa kidato cha nne, waliobakiza miezi minane wafanye mtihani wa mwisho, wahamishiwe somo la biashara. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: somo halifutwi mpaka mkaguzi alione likifundishwa. Na fomu ya mkaguzi, ambayo mimi ndiye ninayeitoa kopi, ina kisanduku namba saba kinachosema: Mwalimu ameonyesha kwa vitendo.

Nikampelekea kaka ile fomu. Aliisoma, akakaa juu ya ngoma.

"Namba saba," alisema.

"Namba saba, kaka."

"Nikishindwa, wanafuta?"

"Wanafuta. Barua nimeichapa kwa mikono yangu hii."

Hakuuliza yeye atapelekwa wapi. Aliuliza wale ishirini na wawili watajifunzaje biashara ya miaka minne kwa miezi minane. Nilimkasirikia sana, maana mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa ajili yake yeye, siyo wao.

Mpango wa bandeji ulikuwa wangu, sikatai. Mkono wa kulia umeteguka, mwalimu hawezi kuchora, mkaguzi anaandika "kwa sababu za kiafya", kila mtu anakwenda kwake. Asubuhi ya ukaguzi nilikwenda kwao na bandeji ya sanduku la huduma ya kwanza, nikamfunga kuanzia vidole mpaka kiwiko, nikautundika mkono shingoni kwa mtandio wangu. Wifi alitutazama, akaweka chini kikombe cha chai.

"Nyie ndugu," alisema, "mmoja hana akili, mwingine anazo lakini hazimsaidii." Hakusema nani ni nani.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mtu wa haki, jambo ambalo ni baya sana kama umekuja kumdanganya. Alikaa benchi la nyuma, Wastani ubavuni kwake. Mimi nilikaa mlangoni na daftari, kwa kuwa nilikuwa nimeagizwa niandike kila kitu. Mbele, mezani, waliweka birika la chumba cha walimu, lile lenye bonde ubavuni.

"Pole na mkono, Mwalimu," alisema mkaguzi.

"Nimeshapoa, mzee. Niliteleza bafuni."

Mambo yalikwenda vizuri kama dakika nne hivi. Kisha kaka akawaambia watoto washike penseli, akafungua mdomo kusema "moja". Mkono wa kulia, ule ulioteguka, ukatoka wenyewe kwenye mtandio, ukachukua rula, ukaanza kugonga meza. Moja, mbili, tatu, nne. Mtu aliyeongoza kwaya tangu ana miaka kumi na sita hawezi kuhesabu huku mkono umelala. Aligonga mizunguko mitatu mizima ndipo akaona ninavyomkodolea macho. Mtandio wangu ulikuwa unamning'inia kifuani hauna kazi.

Mkaguzi akavua miwani. "Mkono umepona, tumshukuru Mungu. Basi simama ubaoni utuchoree hilo birika."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kaka alishika chaki. Alianza na tumbo, likawa kama gunia lililokaliwa. Mdomo wa birika ulitokea chini kabisa, karibu na kitako, mahali ambapo chai yote ingeshamwagika kabla hujatafuta sukari. Mpini aliuanzisha vizuri, ila hakujua pa kuumalizia, akaendelea nao mpaka ubao ulipokwisha. Miaka minne watoto wale hawakuwahi kumwona akichora, na sasa walikuwa wanaelewa kwa nini. Wastani alitabasamu, mara yake ya kwanza tangu ahamie kwetu. Mimi niliona aibu mpaka mgongo ukawa wa moto. Aibu ilikuwa yake lakini mwili haukujua kutofautisha.

Kaka akaweka chaki chini, akageukia watoto. Hakumtazama mkaguzi hata kidogo.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Sijui kuchora. Sijawahi kujua. Nilikuwa nawaficha."

Kicheko kilianzia benchi la nyuma, kikawa kinakuja mbele. Hapo akasimama binti mmoja wa benchi la kwanza, ambaye wenzake humwita Besi kwa ajili ya sauti yake nzito. Nilidhani anatoka nje.

"Mwalimu," alisema, "mpini umekimbia."

Kaka akamtazama.

"Una hesabu tatu tu. Wewe umeupa kumi. Na mdomo umeingia mapema, tumbo lilikuwa halijamaliza."

"Futa, Mwalimu," akadakia mwingine.

"Futa tuanze upya. Safari hii tunahesabu sisi."

Kaka akafuta ubao kwa ule mkono wa bandeji. Watoto ishirini na wawili wakaanza kugonga mabenchi, taratibu, na yeye akaanza kuchora nyuma yao. "Polepole, Mwalimu! Hapo nyamaza! Hapo usiguse, ndipo mwanga unapokaa!" Akiharakisha, wanamrudisha. Akichelewa, wanamngoja. Jasho lilimtoka, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa chekechea. Alifuta mara tano. Mara ya sita, ubaoni kulikuwa na birika. Halikuwa zuri, lilikuwa limeinama kidogo kama linaumwa kiuno, lakini ungelitia maji, lingeyabeba. Watoto walipiga kelele wakasahau kwamba kuna mkaguzi, na mwalimu wa fizikia akagonga ukuta.

Mkaguzi aliinuka. Alinifuata ofisini, akavuta kiti, akaniomba nimchapie ripoti palepale. Wastani alisimama mlangoni.

"Andika," alisema mzee. "Mwalimu hawezi kuchora. Nukta. Mkono wake hauna tatizo lolote. Nukta."

Nilichapa nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Namba saba. Mwalimu hakuonyesha kwa vitendo. Walioonyesha ni wanafunzi, wakimfundisha yeye hatua kwa hatua. Katika kazi yangu sijakuta jambo kama hili. Nukta. Somo lisifutwe. Wanafunzi wasihamishwe."

Wastani akakohoa. "Mzee, ukiangalia wastani wa shule..."

"Nimekuja kukagua somo moja," alisema mkaguzi, bila kugeuka.

Nusura nimbusu kipara. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Muhula ujao aletwe mwalimu aliyesomea uchoraji. Mwalimu aliyepo abaki na muziki, na asifundishe uchoraji tena."

Vidole vikagoma. "Mzee," nilisema, "hao watoto waliokuonyesha, nani kawafundisha?"

"Yeye, binti yangu. Na ndiye aliyesema hajui kuchora, nimemsikia kwa masikio yangu. Nikiandika hapa kwamba nimemwona mwalimu wa uchoraji, nitakuwa naendeleza uongo wenu. Mmeuendesha vya kutosha. Chapa."

Nikachapa. Nililia kwa hasira, na sikujificha. Alikuwa amesema kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa unamnyang'anya kaka yangu kitu alichokijenga kwa rula na masikio. Mzee alisubiri nipenge kamasi, akasaini, akaniachia moja ya kalamu zake, sijui kwa nini.

Nilikwenda stoo nikiwa nimeandaa maneno ya kumfariji kaka na matusi mawili ya akiba kwa mkaguzi. Watoto walikuwa wametoka kwenda mapumziko. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yamegonga meza, bandeji iko sakafuni. Birika lilikuwa mbele yake, na kwenye karatasi alikuwa anachora birika jingine, midomo ikihesabu.

"Somo limebaki," nilimwambia. "Watoto hawahami."

Akafumba macho. Nilimwona anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Ila wewe wamekuondoa kwenye uchoraji," nikamalizia haraka, maana habari mbaya ukiichelewesha haiwi nzuri. "Muhula ujao analetwa mtu aliyeusomea."

Nilisubiri aumie. Aliangalia karatasi yake, akafuta kitu kwa kidole.

"Aliyeusomea kweli? Anajua kuchora?"

"Si ndiyo maana wanamleta."

"Barua ya kumkaribisha utaandika wewe?"

"Nani mwingine?"

"Basi muulize, mdogo wangu, kwa heshima," alisema, "kama atakuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja wa ziada."

Nilimwambia aulize mwenyewe, mimi si mama yake. Kisha nikarudi ofisini nikaiandika.