Ng'ombe wa Hitima

Mbodze hakuwa mwanamke wa maneno mengi hata kabla ya ukame. Katika kanisa dogo la udongo nje ya Kinango, msemaji alikuwa mumewe, Chome. Mbodze alikuwa akifagia. Chome alikuwa mwinjilisti asiye na mshahara, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na alipenda mno habari za wana wa Israeli jangwani. Aliwaambia Waduruma wenzake kwamba hakuna haja ya kuwaeleza jangwa ni nini, wamezaliwa humo. "Jangwani," alikuwa akisema, "hapana mti mnene wa kujificha nyuma yake. Mungu anakuona, na wewe mwenyewe unajiona." Mbodze aliyasikia maneno hayo mara nyingi hata yakaacha kumwingia.

Chome alikufa kwa homa mwaka wa kwanza wa uhuru. Mwaka uliofuata masika yalidondoka kidogo, yakaenda zake. Vijana wakashuka Mombasa na Ramisi kutafuta vibarua. Wazee wawili wa kanisa wakarudi kwa mganga, wakipita njia ya nyuma ili wasionekane, na kila mtu akawaona. Waliobaki Jumapili walikuwa Mbodze na wanawe, Bi Rispah aliyekuwa na umri wa mama yake, na kuku mmoja aliyezoea kutaga chini ya benchi. Baadaye kuku naye akaliwa.

Mbodze alikuwa bado akiomba. Aliomba kama mtu anayeteka kwenye kisima kilichokauka: anateremsha ndoo kwa kuwa mkono umezoea kuteremsha.

Alikuwa na watoto watatu, Dama binti mkubwa na wavulana wawili wadogo, na ng'ombe mmoja. Wengine walikuwa wamekwisha mmoja mmoja, mbavu kwanza, kisha miguu. Huyu wa mwisho alikuwa jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, na maziwa yake yalikuwa yamekatika zamani. Ndipo ikaja habari kutoka Matuga, kwa Boga.

Boga alikuwa Mdigo, Mwislamu, mtu wa minazi na mihogo. Yeye na Chome walikuwa wamepasua mawe ya barabara pamoja ujanani, na tangu hapo waliitana ndugu. Sasa mamake Boga alikuwa amefariki, hitima yake ilikuwa karibu, na Boga alitaka ng'ombe wa kulisha watu watakaokuja kumsomea marehemu. Aliahidi magunia mawili ya mahindi pamoja na muhogo mkavu. Kwa nyumba ya Mbodze, hayo yalikuwa maisha mpaka mvua nyingine.

"Na nitamtuma Chande, mchinjaji wa Kombani, akupokee Kwale," Boga alisema katika salamu zake. "Akiona ng'ombe hawezi kufika, amchinje papo hapo, tubebe nyama."

Hilo halikuhitaji maelezo. Katika nchi ile hata Mkristo alipotaka kuchinja alimwita Mwislamu ashike kisu, ili jirani yeyote asije akakaa na bakuli tupu. Chome mwenyewe, kila Pasaka, alimwita mwenye duka aje amchinjie mbuzi, kisha wakala wote, wa msikiti na wa kanisa na wa kaya, walioshika mila za wazee. Mwanamke kuchinja ng'ombe lilikuwa jambo ambalo Mbodze hakuwahi kuliona kwa dini yoyote.

Akawaacha watoto kwa Bi Rispah, akaondoka na ng'ombe wake.

Kupanda kuelekea Kwale kulikuwa kazi ya kusukuma na kubembeleza. Ng'ombe alisimama kila penye kivuli, na Mbodze alisimama naye, kwa sababu hakuwa na nguvu za kumpiga. Kwale hapakuwa na Chande. Akangoja, akauliza madukani, kisha akaona heri ateremke polepole kuelekea Matuga. Huenda wangekutana njiani.

Chini ya mlima, upande wa baharini, nchi hubadilika ghafla kama mtu amevuka mlango. Palikuwa na umande. Palikuwa na majani mabichi yanayofika magotini. Ng'ombe alipeleka kichwa chini, na Mbodze, ambaye hakuwa ameona mnyama akila hivyo kwa miezi, aliketi kando ya njia kumtazama. Ilikuwa raha. Usingizi ukamchukua akiwa ameketi.

Binti wa mfugaji hufundishwa jambo hili kabla hajafundishwa kupika: ng'ombe aliyekondeshwa na njaa haachiwi kwenye majani mabichi. Tumbo lake limesahau. Mbodze alipozinduka, ubavu wa kushoto wa ng'ombe ulikuwa umefura kama ngoma na miguu inatetemeka. Akamtia kijiti mdomoni ili acheue, akamsugua tumbo kwa viganja vyote viwili, akamvuta asimame. Ng'ombe akalala. Mbodze akaita watu. Akaita tena. Aliyejibu ni kunguru.

Angekufa mwenyewe angekuwa kibudu, na kibudu asingekila mtu yeyote, si Boga wala wanawe. Jicho la ng'ombe lilianza kugeuka jeupe. Mbodze alikuwa na kisu cha kukatia matawi. Alitaka kuomba. Alisema "Baba" tu, na ombi halikuendelea. Akachinja.

Chande alifika damu ikiwa bado haijaganda. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, na alitokea kwenye kona akipunga mkono, kisha mkono ukabaki hewani.

"Nani amemchinja huyu?"

"Mimi."

"Wewe! Kwa kisu hicho?"

"Alikuwa anakufa. Nimekungoja Kwale, nimekuita hapa."

Chande akavua kofia, akajikuna. "Nilisimamishwa Kombani, mama Dama. Bao. Mchezo mmoja tu, halafu yule mshenzi akanila kete zote, nikasema siondoki nimefungwa." Akamtazama ng'ombe, akatazama njia juu na chini. "Sasa nisikilize. Hapa tuko mimi, wewe na nzi. Mimi nilifika, nikamwahi, nikachinja. Basi. Wewe husemi uongo, unanyamaza tu. Kunyamaza kumekuwa uongo lini?"

"Na wewe?"

"Langu mimi niachie mimi na Mola wangu. Boga akijua nilikuwa kwenye bao, na wewe ukirudi mikono mitupu, atakayefaidika ni nani?"

Mbodze hakusema ndiyo. Alishika mguu wa ng'ombe, ukakaa imara, na Chande akaanza kuchuna. Hilo lilitosha kuwa jibu.

Uani kwa Boga walipokelewa kwa shangwe iliyozuiliwa, kama inavyokuwa penye msiba. Mwanapili, mke wa Boga, alipoona miguu ya mgeni alishika kiuno.

"Karibu, mama Dama, karibu. Jamani, miguu gani hii? Umekuja kwa kutembea au umekuja ukilima?"

Akamletea maji ya kunawa, akamletea muhogo wa nazi. Mbodze alikula, na kila tonge lilimkumbusha midomo mitatu mingine. Upande wa pili wa ua, wanawake walikuwa wametia nyama kwenye masufuria makubwa na mengine yamekwisha injikwa. Kibarazani vijana walikuwa wakifunga midomo ya magunia kwa kamba. Magunia mawili, yamejaa. Alijikuta akiyatazama bila kupepesa.

"Shemeji, Mungu akuweke," Boga alisema. "Na wewe Chande, leo umefanya kazi ya mwanamume. Bila wewe kesho tungemsomea mama yangu kwa mchicha."

Watu wakacheka. Chande naye akacheka, akijifuta shingo. "Si ndiyo kazi yangu?"

Mbodze alinyamaza. Kunyamaza kulikuwa kazi nzito kuliko alivyodhani. Ilibidi alishike shavu lake, ashike mikono yake, aangalie mahali pa kuweka macho. Alikuwa amebeba mambo mengi mwaka ule, na hili alilipokea kama mzigo mwingine wa kufika nao nyumbani.

Karibu naye, juu ya kitanda cha kamba, aliketi Bi Mwanatumu, mdogo wa marehemu, kizee asiyeona. Tangu msiba alikuwa hataki kula. Mwanapili akachoma kipande cha ini, akakipuliza, akamtia mkononi.

"Kidogo tu, mama mdogo. Laini hii, haitaki meno."

Bi Mwanatumu alikigeuza kipande, akautafuta mdomo wake kwa kidole gumba, akaanza kutaja jina la Mungu. Mbodze aliona mkono wake mwenyewe umekwisha kunyooka. Alimshika bibi kizee kifundo cha mkono.

"Usile, bibi."

Wanawake penye masufuria wakageuka.

"Kuna nini?" Mwanapili akauliza.

"Hakuchinja Chande. Nimechinja mimi."

Chande ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa upole. "Jua limempiga mama huyu. Ametoka Kinango kwa miguu, hajui asemalo. Mpeni maji, mpeni mahali pa kulala."

Ulikuwa mlango mwingine, na ulikuwa wazi kabisa. Boga alimsogelea. "Shemeji, umechoka?"

"Nimechoka, shemeji. Lakini nimechinja mimi."

Boga alimtazama Chande. Chande akatazama kofia yake. Basi mambo yakawa wazi. Mwanapili akaliondoa sufuria la kwanza motoni kwa pindo la leso, kisha la pili, akaita wanawake waje wayasugue kwa mchanga na jivu. Alikuwa akilia. Kuni zilikuwa zimekwenda, na maji, na viungo, na siku yenyewe.

"Na usingemwona mama mdogo akila, ungesema?" Boga aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa nimenyamaza tangu kule njiani."

Boga akakaa kizingitini, akashika kichwa. "Umeniokoa na aibu, na umeniacha na shida. Watu wanakuja kesho. Lazima nipate mbuzi sasa hivi, na sina cha kutoa ila magunia haya. Unaelewa, shemeji?"

"Naelewa."

"Si kwamba nakuadhibu."

"Najua, shemeji."

Vijana wakayainua magunia, wakatoka nayo kwa mlango wa mbele. Chande alipompita Mbodze alisimama kidogo. "Nilitaka kukusaidia, mama," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Sasa Kombani nani atanunua nyama kwangu?" Neno lile lilimwuma Mbodze kuliko magunia.

Nyama ilikuwa mali yake. Karibu na ofisi za serikali palikuwa na kambi ya watengeneza barabara, watu wa bara, na alasiri ile mmoja wa vijana wa Boga alimsaidia kuipeleka huko kwa mkokoteni. Mbodze akawaambia mapema, kabla hawajauliza, nani alichinja na kwa nini.

Mnyapara wao akaangua kicheko. "Mama, sisi hapana uliza nani alichinja. Sisi nauliza kama iko mafuta."

Haikuwa na mafuta. Wakampa debe moja la unga wa mahindi ya manjano, na chumvi.

Asubuhi alipokwenda kuaga, wasomaji walikuwa wamekwisha anza kufika. Bi Mwanatumu alimwita kitandani. "Njoo, wewe uliyenishika. Una makucha, mwanangu."

"Nisamehe, bibi."

"Ningekula. Ilinukia vizuri." Kizee akapumua. "Haya, nenda. Njia ni ndefu."

Debe halikufika mbali. Dama na wadogo zake walirudia mabuyu na mizizi, na Mbodze akapanga foleni kwa chifu kungoja mahindi ya msaada, ambayo wiki nyingine yalikuja na wiki nyingine hayakuja. Mvulana mdogo alivimba miguu, akapona polepole. Kanisani, Bi Rispah alimwomba awasimulie watoto alivyopata ujasiri ule, kwa kuwa lilikuwa somo la jangwani kama yale ya Chome.

"Sikupata ujasiri," Mbodze alimjibu. "Uongo nao unataka nguvu, bibi. Mimi zangu zilikuwa zimekwisha njiani."

"Basi tumshukuru Mungu kwa uchovu," Bi Rispah alisema, na akaomba hivyo hivyo, kwa sauti, macho yamefumbwa. Mbodze alisema amina. Lilikuwa ombi la kwanza kwa muda mrefu aliloweza kuliamini lote.

Miaka imepita. Dama ameolewa Bongwe, ana watoto wake, na akija kumtazama mama yake hadithi ile hutokea, kwa kuwa watoto huitaka. Huisimulia yeye mwenyewe, Dama, na huisimulia vizuri: pembe iliyopinda, kete za Chande, mkono wa bibi kizee. Wakifika mwisho hawaachi kumwuliza kama bibi yao alifanya vyema.

"Alifanya vyema," Dama husema. Kisha humgeukia mama yake, na sauti yake bado ina ncha. "Lakini aliyelala na njaa ni mimi. Mimi ndiye niliyewaambia wadogo zangu mama anakuja na magunia."

Mbodze, ambaye mikono yake huwa haikosi kunde za kupepeta, haachi kazi.

"Ni kweli," husema. "Ni kweli, mwanangu."