Mlango wa Zuhura

Juzi chuoni tulionyeshwa kirusi cha surua kikinasa kwenye kipokezi, kishikio kidogo juu ya seli, na seli yenyewe ikikiingiza ndani. Nikamkumbuka mdogo wangu Zuhura, mchana ule alipougua surua nyumbani Mabawa, nami nikiwa bado mtoto.

Chumba kilinuka mwarobaini uliochemshwa. Mama alipotoka kufuata dawa aliniambia, "Funga mlango, Rehema, maradhi haya yanaambukiza." Nikadhani yako nje, yanataka kuingia. Nikauegemea mlango kwa mgongo, nikimsikia Zuhura akihema kwa taabu.

Mama aliporudi akabisha. "Fungua, ni mimi!" Niliogopa yasije yakaingia naye. Akausukuma kwa nguvu, akaingia. Zuhura alikuwa ameshanyamaza.

Mama akamfunika uso kwa kanga. "Alikuita?"

Nikasema hapana. Zuhura alikuwa ameniita mara mbili, nami sikuondoka mlangoni.