Jocelyne Aliyepigwa na Wenzake

Jocelyne alikuwa polisi Uvira, huko Kongo, kabla vita havijamtupa Johannesburg, ambako aliishia kulinda mlango wa jengo la ofisi Sandton. Alifika mtaa wa Berea mwaka 2015, wageni wakichomewa maduka, naye hana ndugu wa kumwambia pole. Aliyempokea ni Mselem, koplo mstaafu kutoka Tanga, mwenyekiti wa chama cha watu waliowahi kuwa askari makwao. Kuingia chamani ilitosha uwe uliwahi kuvaa sare, na apatikane mtu wa kuapa kwamba hukuivaa kwa kuwatesa raia.

Kazi yao ilikuwa kusindikiza watoto shuleni mitaa ikichafuka, na kwenda mochwari kutambua maiti zisizo na mwenyewe. Jocelyne hakukosa zamu hata moja.

Septemba 2019 kundi la watu wanaowinda wageni lilishuka mtaani na fimbo na chupa za petroli. Walimfungia Angélique ndani ya saluni yake, wakaiwasha. Mumewe, Pitchou, aliyekuwa polisi Kalemie na mwanachama pia, alivunja dirisha kwa bega. Jocelyne akaingia naye. Walimtoa Angélique nywele zinawaka; Jocelyne alipomshika mkono, ngozi ilibaki kiganjani mwake.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, wanachama walimkamata mwanamume mmoja karibu na robot, zile taa za barabarani, amefutika mashine ya kukaushia nywele ndani ya koti. Pitchou hakuuliza. Pigo la kwanza la rungu lake lilimvunja meno yule mtu. Akaanguka, na wanachama wengine wakaongeza mateke.

"Ameshaanguka," Jocelyne akasema. "Mwacheni, tumpeleke polisi."

"Polisi gani?" Pitchou alikuwa akilia, akimwita dada kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Bamemuunguza bibi yangu, yaya. Weye ulimuona."

"Nilimwona. Lakini hatujui kama huyu alishika kiberiti."

"Toka hapo."

Hakutoka. Alijitupa juu ya yule mtu, akamfunika kichwa kwa mikono yake. Rungu likashuka. Alisikia kiwiko kikivunjika kabla hajasikia maumivu. La pili lilimpata mbavuni. Mtu aliyekuwa chini yake alikoroma, damu yake ikimlowesha Jocelyne shingoni, na kila alipopata pumzi alimwita mama. Pitchou aliinua tena, akapiga mgongo, akapiga tena, mpaka Mselem alipofika mbio na kumnyang'anya rungu.

Polisi walipofika na kuuliza nani kafanya hivi, kila mwanachama alisema ni kundi la watu, limekwisha kukimbia. Jocelyne, akiwa amelala lamini, akamnyooshea Pitchou mkono uliobaki mzima.

"Ni huyu," akasema.

Mselem alimfuata hospitalini. Alikaa kitako, kofia magotini.

"Dada, wenzako wanasema umemuuza ndugu yetu, mkewe yuko mahututi."

"Nimemtaja aliyepiga, kaka."

"Ukifuta maneno yako, unabaki chamani. Hilo naweza kulipigania."

"Sifuti."

Mselem alivaa kofia yake, akaaga. Chama kilimtoa Jocelyne juma lile lile. Pitchou alikiri mahakamani, akafungwa. Yule mtu alipona, ila jicho moja likafa. Jocelyne hakupata kumjua jina. Kiwiko chake mwenyewe hakikunyooka tena, na kampuni ya ulinzi ikampa mtu mwingine mlango wake.

Angélique alikuwa wodi ya walioungua, hospitali hiyo hiyo. Jocelyne alipoweza kutembea alikwenda kumwona. Angélique alimgeuzia kisogo, akatazama ukuta mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Kesho yake Jocelyne akarudi, na siku zilizofuata pia, hata baada ya yeye kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuomba radhi, kwa kuwa hakuona kosa, wala hakujitetea. Alileta uji, akausogeza.

Jioni moja muuguzi hakuwepo na mikono ya Angélique ilikuwa bado imefungwa bendeji. Aligeuka, akamtazama Jocelyne bila salamu, akafungua kinywa. Jocelyne akamlisha kijiko kwa kijiko, kwa mkono wake mzima.

"Sijakusamehe," Angélique akasema alipomaliza.

"Najua," Jocelyne akajibu, akamfuta mdomo.