Mistari Iliyopita Bila Kuvunjika

Nakumbuka siku moja ya mvua mjini Mbarara, mwanangu, katika miaka ya themanini, Mwalimu Gaspari alipoinua uso kutoka kwenye hadubini ya shule yetu ya Nyamityobora, akatabasamu. Alikuwa mkimbizi, makazi yake kambi ya Nakivale, na tabasamu lake lilikuwa adimu kama kile alichokitafuta.

Maabara moja ya ng'ambo ilikuwa imemtumia vioo vilivyopakwa dawa ya picha. Humo viini vya atomi nzito, vilivyorushwa kwa mashine, viliacha mistari myeusi. Kiini kilipogonga kingine, vipande vilitawanyika kama miiba ya nungunungu. Baadhi ya wataalamu walishuku kwamba vipande vichache vilivyozaliwa hapo vilivunjika tena upesi kuliko sheria za maumbile zinavyoruhusu. Usomaji wa Mwalimu ukithibitisha hilo, maabara ingemwita akafanye kazi huko. Hakuwa na mlango mwingine wa kutoka kambini.

Desturi ya kazi hiyo ni kwamba kila kioo husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Msomaji wa pili nilikuwa mimi, mwanafunzi wake. Nilifuata kila mstari hadi mwisho wake, hata ile iliyopita kimya bila kuvunjika, ambayo jicho lenye hamu huiruka. Nilipomaliza kuihesabu yote, iliyovunjika upesi haikuzidi kiasi cha kawaida; ajabu yote ilikuwa imetoweka, nami nikamweleza.

“Weye mtoto,” akanitania, “macho yako ni ya mama mkwe. Hayaonake kitu kizuri.”

Sikucheka. Akarudia kusoma, mstari kwa mstari, mpaka mvua ikakatika.

“Nilikuwa naona mingi imevunjika juu ya vile nilitaka kuona,” akasema. “Tutume hesabu yako.”

Tukatuma. Hakuna aliyemwita. Alirudi Nakivale, na huko ndiko tulikomzika.

Mwanangu, sikuambii kwamba ukweli humlipa anayeusema, yeye haukumlipa. Nakuambia hili tu: unapotafuta kilicho adimu, hesabu pia yote yaliyopita bila kitu, maana hayo ndiyo mengi, na maisha yako usiyatundike juu ya jibu moja. Wapo watu Nakivale waliopita kama mistari ile, wala hakuna jicho lililowafuata hadi mwisho. Mungu akujalie macho yasiyodanganyika, na akupe mtu wa kukaa nawe siku yatakapokuonyesha kwamba hapakuwa na kitu.